Utando wa Maziwa: Samli ya Ugogo na Historia ya Kupima Mvutano wa Uso

Uwanda wa katikati ya Tanzania, ambao Dodoma ndio mji wake mkuu, u katika mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya bahari, na mvua zake ni chache: kama milimita 570 kwa mwaka, zinyeshazo karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo huja miezi saba ya ukavu. Nyasi hukauka, maji hupungua mabwawani, na ng'ombe wa Wagogo, ambao ni zebu wadogo wenye nundu, hupunguza maziwa hata pengine yasimtoshe ndama. Katika nchi ya namna hii haitoshi kuuliza chakula ni kiasi gani. Hapana budi kuuliza pia kitadumu mpaka lini. Nafaka huwekwa ghalani, lakini maziwa mabichi hudumu saa chache, maziwa ya mgando siku chache, na siagi siku chache zaidi. Samli ndiyo iwezayo kupatikana mwezi wa Februari ikaliwa mwezi wa Septemba. Nchi iliyopitiwa na Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliyofuata majeshi ya pande mbili kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, yaijua tofauti hiyo vema.

Sababu ya samli kudumu yasemeka kwa ufupi: ni mafuta yaliyotengwa na maji na protini. Walakini jinsi mafuta na protini vinavyoshikamana ndani ya maziwa, na jinsi vinavyoachana, ni jambo lililowachukua wataalamu wa Ulaya na Marekani zaidi ya miaka mia kulifahamu. Chombo chao kikubwa kilikuwa kipimo cha nguvu isiyoonekana kwa macho, yaani mvutano wa uso wa maji na vitu vingine vya majimaji. Kabla ya kuieleza historia hiyo yafaa kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kazi hii, maana yote yatoka jikoni.

La kwanza ni kitenzi kusuka. Mtu husuka mkeka, husuka nywele, na pia husuka maziwa, maana yake huyatikisa ndani ya kibuyu mpaka siagi itoke. Kama hicho ni kitenzi kimoja chenye maana mbili, au ni vitenzi viwili vilivyokutana kwa sauti, laweza kujadiliwa. Lakini maneno kama sukasuka na msukosuko yaonyesha kwamba maana ya kutikisa si ya pembeni. La pili ni mtindi. Siku hizi mijini neno hili hutumiwa kwa maziwa yoyote yaliyoganda, lakini maana yake ya zamani ni maziwa yabakiayo kibuyuni baada ya siagi kutolewa. La tatu ni utando, kutokana na kutanda. Mawingu hutanda, giza hutanda, na kitu kilichotanda kwa wembamba juu ya kingine ni utando: wa buibui, wa jicho, au ile ngozi ijikusanyayo juu ya maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Waandishi wa vitabu vya biolojia walipotafuta jina la kile kiizungukacho seli ya mwili walilichukua neno hilo hilo wakasema utando wa seli. Itaonekana hapa chini kwamba uchaguzi huo ulikuwa sahihi kuliko walivyojua wenyewe.

Tone la maziwa likitazamwa kwa hadubini laonekana limejaa vitone vya mafuta vinavyoelea. Vikubwa hufikia maikromita 10 au 15, vidogo havifikii hata moja, na cha wastani kina upana wa maikromita 4 hivi, kiasi kwamba vitone 250 vikipangwa mstari havizidi urefu wa milimita moja. Maziwa ya zebu huwa na mafuta kama asilimia 5. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba nyuso za vitone vyote vilivyomo katika lita moja tu, zikijumlishwa, zapita mita za mraba 70, nazo ni eneo la nyumba nzuri ya familia. Swali ni hili: mafuta na maji havipatani, na vitone viwili vya mafuta tupu vikigusana majini huungana mara moja; basi kwa nini vitone vya maziwa haviungani? Mwaka 1840 Ascherson, mganga wa Berlin, alieleza kwamba mafuta yakitikiswa pamoja na maji ya protini, kila tone hujivika ngozi nyembamba papo hapo. Hadubini ya siku zile haikuweza kuonyesha ngozi hiyo ni ya kitu gani wala unene wake, na jambo likasimama hapo kwa muda mrefu. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuujua utando usioonekana kwa kuupima kazi yake.

Njia hiyo ni mvutano wa uso. Molekuli za maji huvutana pande zote. Lakini iliyo usoni haina mwenzake juu yake, basi huvutwa ndani na kando tu, na uso wa maji huwa kama ngoma iliyowambwa. Neno mvutano lafaa hapa kuliko mkazo, kwa kuwa kiambishi cha kutendana kilichomo ndani yake chaeleza sababu yenyewe: hakuna akazaye kutoka nje, bali molekuli zavutana zenyewe kwa zenyewe. Maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi yana mvutano wa daini 72.8 kwa kila sentimita. Maziwa yana kama 50. Upungufu huo hutokana na protini na lipidi zilizopanda zikatanda usoni, na kwa hiyo apimaye mvutano hupima, kwa njia ya pembeni, ni nini kilichotanda na kwa kiasi gani.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke asiye na cheo cha chuo chochote. Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862, aliishi Braunschweig katika Ujerumani akiwatunza wazazi wake, na vyuo vikuu vya nchi yake havikuwa bado vikipokea wanawake. Akiwa jikoni alitengeneza sinia refu la bati, akalijaza maji mpaka ukingoni, akalaza juu yake ukanda wa bati uwezao kusogezwa huku na huku. Uso wa maji ukiwa na uchafu wa mafuta, aliweza kuupunguza au kuupanua kwa kuusogeza ukanda, na kwa mizani yenye kijisahani kidogo kilichogusa maji alipima nguvu itakiwayo kukibandua. Alikuta kwamba mafuta yakitanda kwa nafasi kubwa mvutano hauna tofauti na wa maji safi, lakini yakibanwa mpaka kiasi fulani mvutano huanguka ghafula. Januari 1891 aliyaandika hayo kwa Lord Rayleigh wa Uingereza, naye, kwa uungwana ambao si kila mtaalamu anao, akaipeleka barua hiyo kwenye jarida la Nature, likaichapa mwaka huo huo. Mwaka 1917 Irving Langmuir wa Marekani aliliendeleza sinia hilo akathibitisha kwamba utando huo huwa na unene wa molekuli moja tu, zimesimama kichwa majini na mkia hewani. Miaka miwili baadaye Lecomte du Noüy alianza kupima mvutano kwa pete ya waya ivutwayo kutoka usoni. Nia yake ilikuwa majimaji ya damu, ambayo yamejaa protini. Hivyo lipidi na protini zikaletwa mbele ya mizani moja.

Hatua iliyofuata ilihusu damu pia. Mwaka 1925 Gorter na Grendel wa Leiden walitoa lipidi za chembe nyekundu za damu ya watu na wanyama kadha wakazitandaza katika sinia la namna ile ile. Eneo zilizotanda lilikuwa mara mbili ya uso wa chembe zenyewe, wakasema kwamba utando wa seli ni lipidi za tabaka mbili. (Baadaye ilionekana kwamba hawakuzitoa lipidi zote, tena waliukadiria uso wa chembe kuwa mdogo kuliko ulivyo, makosa mawili yakafutana, na jibu likabaki la kweli.) Lakini protini iko wapi? Miaka michache baadaye ulipimwa mvutano wa seli zilizo hai, mayai ya wanyama wa baharini hasa, ukakutwa chini ya daini 1. Mafuta yaliyotolewa katika mayai ya samaki na kuwekwa peke yake katika maji ya bahari yalikuwa na mvutano mkubwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1935 Danielli na Harvey waliyafuata mafuta hayo wakaonyesha kwamba protini ya yai lenyewe yatosha kuushusha mvutano wake. Mwaka huo huo Danielli na Davson wakatoa picha yao maarufu: lipidi katikati, protini zimeifunika juu na chini kama mkate uliopakwa pande zote mbili.

Picha hiyo ilitawala vitabu kwa zaidi ya miaka 30, nayo haikuwa kweli. Kipimo hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kuchukua mafuta ya kawaida, yale yaliyomo ndani ya tone, na kudhani kwamba yana tabia moja na lipidi za utando. Lipidi za utando zina fosforasi na kichwa kipendacho maji, na zenyewe, bila protini yoyote, huushusha mvutano mpaka karibu na sifuri. Protini haikuhitajiwa kwa kazi ambayo Danielli alimpa. Singer na Nicolson walipotoa picha nyingine mwaka 1972, protini nyingi zilionekana zimezama ndani ya lipidi, na baadhi yake kupita kutoka upande huu mpaka ule.

Walakini kipimo cha mvutano wa uso hakikukosa kazi, maana mwaka 1937 Schulman na Rideal wa Cambridge walikuwa wamekwisha onyesha namna ya kuuliza swali vizuri zaidi. Lipidi hutandazwa kwanza katika sinia, kisha protini au kitu kingine huingizwa kwa sindano chini yake, majini. Ikiwa mvutano hauguswi, viwili hivyo havijuani. Ukianguka ilhali eneo ni lile lile, basi mgeni amejipenyeza kati ya lipidi akabanana nazo. Tena lipidi zaweza kubanwa kwanza, kidogo kidogo, mpaka ufike ukomo ambao mgeni hana nafasi ya kuingia. Ukomo huo huambia mtafiti kama protini ile ingeweza kuupenya utando wa kweli. Njia hii ingali ikitumiwa. Faida yake haikukaa maabara tu. Mwaka 1957 Clements alipima mvutano wa majimaji ya mapafu, na mwaka 1959 Avery na Mead walionyesha kwamba watoto wazaliwao kabla ya wakati na kufa kwa kukosa pumzi hukosa utando wa lipidi na protini chache unaoshusha mvutano ndani ya vifuko vya hewa. Siku hizi utando huo hutolewa kama dawa, na watoto ambao zamani wangekufa huishi.

Mwaka 1959 ulileta jambo jingine, la kimya zaidi, ambalo ndilo lirudishalo habari hii kwenye kibuyu. Bargmann na Knoop, wakitazama kiwele kwa hadubini ya elektroni, waliona namna tone la mafuta litokavyo katika seli iliyolitengeneza. Halitoki tupu. Hulisukuma ukuta wa seli kutoka ndani, na ukuta hulifuata, hulizunguka, hujifunga nyuma yake na kukatika. Kwa hiyo kila tone la mafuta katika maziwa limevaa kipande cha utando wa seli ya mama, pamoja na lipidi zake zenye fosforasi na protini zilizozama ndani yake. Ngozi aliyoidhania Ascherson na utando aliokuwa akiutafuta Danielli ni kitu kimoja, na neno moja la Kiswahili lawatosha wote wawili.

Ikisomwa kwa elimu hii, kazi ya mwanamke wa Ugogo asukaye maziwa ina mantiki katika kila hatua. Maziwa huachwa kwanza yachachuke. Asidi ya vijidudu huigandisha kazeini, iliyo protini kubwa ya maziwa, na kuudhoofisha utando wa vitone. Kibuyu hakijazwi mpaka juu, maana bila hewa hakuna siagi: kikitikiswa, mapovu huingia ndani, na kila povu huleta uso mpya, ulio safi, wenye mvutano mkubwa. Tone likiugusa uso huo, utando wake hupasuka, lipidi na protini hutawanyika, na mafuta laini ya ndani humwagika yakatanda juu ya povu. Povu likivunjika, vitone vilivyopoteza vazi hugandamana. Mafuta yakiwa magumu mno kwa baridi hayagandamani. Yakiwa yote maji kwa joto hukatikakatika yakawa vitone vidogo zaidi. Ndiyo maana asubuhi na mapema hufaa kuliko adhuhuri, hasa miezi ya Oktoba na Novemba ambapo jua la Dodoma ni kali. Siagi iliyopatikana ingali na maji kama sehemu moja kati ya sita, pamoja na mabaki ya protini. Moto huyafukuza maji, huzikausha protini zikashuka chini kama mashapo ya rangi ya kahawia, na huviua vimeng'enya vinavyoyachachua mafuta. Juu hubaki samli.

Ufundi huu una upande wa tahadhari pia. Maziwa mabichi yenye joto yakisukwasukwa ovyo kabla ya kuchachuka, utando hupasuka kabla ya wakati wake, kimeng'enya kilichomo katika maziwa huyafikia mafuta, na harufu mbaya huanza. Asidi za mafuta zitokanazo na uharibifu huo hupanda usoni na kuushusha mvutano. Kwa sababu hiyo wataalamu wa maziwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliutumia mvutano wa uso kuwa dalili ya maziwa yaliyoharibika. Pete ya du Noüy ilisema kwa tarakimu kile ambacho pua ya mpishi husema bila tarakimu.

Samli iliingia katika biashara ya nchi kwa njia ile ile iliyoleta jina lake. Neno lenyewe ni la Kiarabu, samn, nalo lilifika bara pamoja na lugha ya pwani. Karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo ikalipa hongo na kununua chakula. Mwaka 1910 reli ilifika Dodoma. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo, alipochapisha kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, alikiandika kwa Kiswahili. Mpwapwa, upande wa mashariki ya Dodoma, Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo mwaka 1905, na Waingereza baadaye wakakifanya makao ya utafiti wa mifugo wa Tanganyika. Katika miaka ya 1930 serikali ilihimiza samli katika nchi za wafugaji kwa kuwa ndiyo zao la maziwa liwezalo kusafiri bila barafu, na mashine za kutenga malai zikaanza kuonekana.

Mashine hiyo, aliyoibuni de Laval wa Uswidi mwaka 1878, huzungusha maziwa kwa kasi ili yaliyo mepesi yaende upande mmoja na yaliyo mazito upande mwingine. Wengi waliiona kuwa imechukua nafasi ya kibuyu, nao hawakutazama vema. Hutenga kwa uzito tu; malai yatokayo ndani yake yangali na vitone vyenye utando, na kazi ya kuuvua utando hubaki kwa msuko au kwa moto. Badiliko kubwa aliloleta lilikuwa mahali pengine. Kibuyu hukaa nyumbani. Lita 20 za maziwa zikisukwa humo hutoa mafuta yasiyozidi kilo moja, na kilo hiyo ndiyo yaweza kwenda sokoni. Protini karibu yote hubaki ndani ya mtindi, na mtindi hunywewa hapo hapo na watoto, au huliwa kwa ugali. Maziwa yakipelekwa mashineni, mtindi haupo. Yapo maziwa yaliyoondolewa malai, nayo huwa mahali mashine ilipo, si mahali watoto walipo, na mwenye ng'ombe hana budi kuyabeba tena njia ile ile aliyokuja nayo. Katika hesabu ya biashara kilo ya samli ilikuwa kilo ile ile kwa njia zote mbili. Katika hesabu ya nyumba hazikulingana, hasa mwaka wa ukame, na ni ajabu kwamba mizani iliyojua kupima daini moja haikuwekwa upande huo.

Mtindi una jambo moja jingine ambalo halikujulikana siku zile. Utando uliopasuka wakati wa msuko haupotei. Sehemu yake kubwa huenda katika mtindi, pamoja na zile lipidi zenye fosforasi na protini ambazo seli ya kiwele ilizifunga juu ya mafuta. Viwanda vya siagi vya Ulaya viliuhesabu mtindi kwa muda mrefu kuwa masalio ya kulishia nguruwe. Katika karne hii ya 21 viwanda hivyo vimeanza kuukausha na kuuchuja ili kuupata utando huo, nao hutiwa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga na kuuzwa kwa bei kubwa kuliko siagi.